Nettie Stevens: Mwalimu aliyewafutia akina mama lawama ya kuzaa mabinti tu

Iwe Handeni au Korogwe, hutakosa kusikia habari ya mama mwenye mabinti wanne anayesemwa na mawifi kwamba tumbo lake ndilo lenye shida. Mume naye anaanza kutafuta mke mwingine. Kesi hii sayansi iliimaliza tangu 1905, na aliyeimaliza ni mwanamke, Nettie Stevens.

Alizaliwa Vermont, Marekani, 7 Julai 1861. Alifundisha shule miaka mingi huku akidunduliza ada, ndiyo maana alifika Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 35, umri ambao wengi wetu tunaona darasa limeshatupita. Mwaka 1903 akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Bryn Mawr.

Enzi hizo wataalamu wengi waliamini jinsia ya mtoto inatokana na chakula cha mama, au hata joto. Stevens akaweka chini ya hadubini mbawakawa wa unga, jamaa wa wale wadudu wanaotuharibia unga ndani. Akahesabu kromosomu, yaani vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi. Jike alikuwa na kubwa 20. Dume alikuwa na kubwa 19 na moja ndogo. Kumbe mayai yote yanafanana, ila mbegu za dume ziko za aina mbili!

Hiyo ndogo leo tunaiita Y. Kwa binadamu ni hivyo hivyo: mama hutoa X tu, baba hutoa X au Y. Y ina jeni inayoamuru korodani ziumbike, na homoni zake baadaye huleta ndevu na sauti nzito. (Baba naye asilaumiwe, hachagui.) Tena mwanaume ana X moja tu, hana ya akiba. Ndiyo maana upungufu wa G6PD, unaofanya dawa ya malaria ya primaquine iweze kuvunja chembe nyekundu za damu, huwabana zaidi wanaume. Kwa Korogwe yenye malaria, hilo siyo la vitabuni tu.

Edmund Wilson alifikia jibu la karibu mwaka uleule, na kwa miaka mingi sifa zilienda kwake zaidi. Haikuwa haki, Stevens ndiye aliyelisema wazi.

Bryn Mawr walikuja kumwandalia nafasi ya uprofesa wa utafiti. Hakuwahi kuikalia. Saratani ya titi ilimuua Baltimore, 4 Mei 1912, akiwa na miaka 50.