Izaak Walton, Muuza Vitambaa Aliyependa Mto

Wenzangu tuliosoma hapa zamani, na ninyi vijana mliomo madarasani sasa, nani kati yetu asiyeukumbuka mto ule wa chini ya shule? Jumamosi mchana, baada ya kufua nguo na kusafisha mabweni, wengi walikwenda uwanjani kucheza kandanda. Sisi wachache tuliteremka bondeni na fito zetu, kamba ya katani, na ndoana tuliyoitengeneza kwa kukunja pini. Mwalimu wa zamu alitukuta siku moja, akatuuliza kama wazazi wetu walilipa karo ili tuje kusoma au tuje kuvua. Nilifyeka nyasi wiki nzima kwa ajili ya samaki mmoja aliyekuwa mfupi kuliko kiganja changu, na tangu siku hiyo nikaamini kwamba kuvua kwa kujifurahisha ni mchezo wa wavivu. Miaka mingi ilipita kabla sijayasoma maisha ya Mzee Izaak Walton, nami nikaona afadhali niwasimulieni.

Walton alizaliwa mwaka 1593 katika mji wa Stafford, katikati ya Uingereza. Baba yake alikufa kabla mtoto hajatimiza miaka minne, na mama akaolewa tena na mwenye nyumba ya wageni. Shule aliyoipata ilikuwa ndogo, na chuo kikuu hakukiona kabisa. Alipopata nguvu za kazi alipelekwa London kwa shemeji yake aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya kitani, akajifunza kupima, kukata na kuuza. Mwaka 1618 alikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa chama cha wauza vyuma cha London. Msishangae muuza vitambaa kuwa katika chama cha vyuma, kwani wakati huo vyama vile vilikuwa mlango wa kupata haki ya kufanya biashara mjini, na mtu aliingia kwa mlango uliomfungukia.

Duka lake lilikuwa karibu na kanisa la Mtakatifu Dunstan, na kasisi wa kanisa hilo tangu mwaka 1624 alikuwa John Donne, mshairi ambaye wale waliochukua fasihi ya Kiingereza kidato cha tano bila shaka wanamjua, na pengine bado wanamwogopa. Muuza duka na mshairi wakawa marafiki hata Donne alipofariki mwaka 1631. Kwa njia ya Donne, Walton akajuana na Sir Henry Wotton, aliyekuwa balozi kwa miaka mingi na kisha mkuu wa shule ya Eton. Na hapa ndipo ninapotaka vijana wa kidato cha kwanza wasikilize vizuri: mkuu huyo wa Eton alikuwa mvuvi! Kila mwaka alikuwa na kawaida ya kukaa kando ya mto Thames, karibu na shule yake mwenyewe, na muuza vitambaa alikuwa miongoni mwa waliokaa naye. Kama mwalimu wetu wa zamu angalijua jambo hilo, sijui kama nyasi zile ningalizifyeka mimi.

Wotton alikusudia kuandika maisha ya Donne, akamwomba Walton amkusanyie habari. Lakini Wotton alifariki mwishoni mwa mwaka 1639 bila kuandika, na hotuba za Donne zilikuwa karibu kupigwa chapa. Walton akashika kalamu mwenyewe. Maisha hayo ya Donne yalitoka mwaka 1640, na baadaye akaandika ya watu wengine wanne, akiwemo Wotton mwenyewe. Mtu aliyeacha shule mapema akawa mmoja wa waandishi wa kwanza wa Uingereza kuandika maisha ya watu kwa namna inayosomeka hata leo.

Nyumbani kwake, hata hivyo, kulikuwa na msiba juu ya msiba. Alimwoa Rachel Floud mwaka 1626, wakapata watoto 7. Wote walikufa wakiwa wadogo. Rachel mwenyewe alifariki mwaka 1640, mwaka ule ule kitabu cha kwanza kilipotoka, na mtoto wa mwisho akamfuata mwaka 1642. Hakubaki hata mmoja. Mimi nimezika mtoto mmoja, na sina la kuongeza hapo.

Mwaka huo huo wa 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, Mfalme Charles wa Kwanza upande mmoja na Bunge upande wa pili. Walton alikuwa mtu wa mfalme na wa kanisa la zamani, akawa upande wa walioshindwa. Kitabu cha sala alichokizoea kilipigwa marufuku, makasisi rafiki zake wakafukuzwa katika makanisa yao, hata kusherehekea Krismasi kukawa kosa. Mwaka 1649 mfalme alikatwa kichwa. Katika miaka hiyo Walton alioa tena, mke wake akiwa Anne Ken, na kati ya watoto wao watatu wawili, Anne na Isaac, walikua hata wakawa watu wazima.

Wengi hudhani kwamba mzee huyu hakufanya lolote ila kukaa kando ya maji. La hasha. Mwezi Septemba 1651 jeshi la Charles wa Pili, mtoto wa mfalme aliyeuawa, lilivunjwa huko Worcester. Charles akakimbia, na kito kimoja cha nishani yake ya kifalme kikafichwa na wafuasi wake katika nyumba za mashamba huko Staffordshire. Kilipitishwa mkono kwa mkono hata kikafika kwa Walton, mzee wa miaka 58. Yeye akakibeba mpaka London, mji uliokuwa mikononi mwa adui, akamkabidhi kanali aliyekuwa amefungwa katika ngome ya Tower. Kanali alitoroka, na kito kikamfikia mwenyewe ng'ambo. Kama Walton angalipekuliwa njiani, pengine tusingalipata kitabu chake kile.

Kitabu chenyewe, The Compleat Angler, kilitoka mwaka 1653, bei yake peni 18. Kinaanza asubuhi ya mwezi wa Mei, watu wakitoka London kwa miguu kuelekea bonde la mto Lea. Katika chapa ya pili, ya mwaka 1655, wamekuwa watatu: mvuvi, mwindaji wa mbwa, na mfuga kozi. Kila mmoja anautetea mchezo wake, mmoja akisifu hewa, mwingine nchi kavu, wa tatu maji, kama mdahalo wetu wa Ijumaa jioni, ila hapa hakuna anayezomewa. Mwindaji anashindwa kwa upole, anakuwa mwanafunzi wa mvuvi, na kwa siku kadhaa wanatembea pamoja kando ya mto. Wanakutana na watu wanaowinda fisi-maji. Mvua inapowanyeshea wanajibanza chini ya ua wa miti na kuzungumza. Samaki mmoja wanamgawia msichana mkamuaji na mama yake, nao wanalipwa kwa nyimbo. Jioni wanalala katika nyumba ya wageni yenye shuka safi, na samaki waliowavua wanapikwa.

Vifaa vyao vingewachekesha wavuvi wa siku hizi wenye magurudumu ya kukunjia kamba. Ufito ulikuwa mrefu sana, na kamba ilisokotwa kwa singa za mkia wa farasi ikafungwa kwenye ncha, basi. Yaani walivua kama sisi tulivyovua pale chini ya shule, ila sisi hatukuwa na farasi. Chambo walitumia nyungunyungu, panzi, funza, hata chura. Juu ya chura ndipo Walton alipolaumiwa sana, maana alifundisha namna ya kumshona mzima mzima kwenye ndoana huku akisihi atendewe kwa upendo. Mshairi Byron, zaidi ya miaka 150 baadaye, alimwita mkatili, na mimi katika jambo hilo niko upande wa Byron.

Tena si kila alichokiandika ni kweli. Aliamini kwamba mikunga wengine huzaliwa na umande, na samaki wengine hutokana na magugu ya majini. Mwalimu wa bayolojia asikitumie kitabu hicho darasani! Uvuvi wa nzi bandia, wale wanaofungwa kwa manyoya na nyuzi kwenye ndoana, hakuujua vizuri, na maelezo yake mengi aliyapata kwa mpishi mstaafu aitwaye Thomas Barker.

Basi kwa nini kikapendwa hivyo? Nadhani ni kwa sababu ya wakati kilipotoka. Nchi ilikuwa imechoka kuuana. Ndugu walikuwa hawasemezani, na mtu aliyetaja kanisa au mfalme mezani alijitafutia balaa. Mtoni mtu hakuulizwa chama chake. Makasisi waliofukuzwa waliweza kukutana na rafiki zao kando ya maji bila ya kushukiwa kwamba wanafanya mkutano. Walton hasemi hayo wazi, wala vita hakuvipigia kelele, lakini msomaji wa mwaka 1653 hakuhitaji kuelezwa. Kitabu kilitoka katika chapa tano wakati wa maisha yake, na tangu hapo kimepigwa chapa mamia ya mara.

Ufalme uliporudi mwaka 1660 mambo yake yakanyooka. Rafiki yake George Morley alifanywa askofu, kwanza wa Worcester kisha wa Winchester, akamchukua akae kwake na kumsaidia kusimamia mali za uaskofu. Lakini Anne, mke wa pili, alifariki huko Worcester mwaka 1662. Walton hakuoa tena.

Uzeeni alipata rafiki aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 37, Charles Cotton, bwana wa nyumba ya Beresford kando ya mto Dove. Mto huu hupita mpakani mwa Derbyshire na Staffordshire, katika bonde jembamba la mawe ya chokaa, na maji yake ni safi. Cotton alikuwa mshairi na mwenye madeni mengi, na watu wa huko husimulia kwamba alijificha pangoni kando ya mto wadai walipokuja. Mtu wa namna hiyo hungemdhania kuwa rafiki wa mzee wa kanisa, lakini Walton alimwita mwanawe. Mwaka 1674 Cotton alijenga kibanda kidogo cha mawe kando ya maji, na juu ya mlango akachonga herufi za majina yao wawili zimefumana. Kibanda hicho kipo hata leo. Walton alipotaka kutoa chapa ya tano, mwaka 1676, Cotton alimwandikia sehemu ya pili kuhusu uvuvi wa nzi bandia, akaimaliza kwa muda wa siku kumi hivi. Wajuzi husema kwamba katika mambo ya trauti mwanafunzi alimpita mwalimu, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeipeleka kazi hiyo mtamboni.

Trauti hao si wageni kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, yakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua, na kutoka hapo samaki hao wakaenea katika mito yetu ya baridi. Kwa hiyo yule wa madoadoa mekundu aliyetuponyoka mara nyingi ni wa ukoo ule ule aliousifu Mzee Walton.

Alifariki tarehe 15 Desemba 1683, akiwa na miaka 90, nyumbani kwa binti yake huko Winchester, katika majira ya baridi kali ambayo Waingereza wanayakumbuka hata sasa. Alizikwa ndani ya kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1914 wavuvi wa Uingereza na Marekani walichanga fedha wakamwekea dirisha la vioo vya rangi karibu na kaburi lake, naye yumo akisoma kando ya mto.

Wosia wake aliuandika mwenyewe miezi michache kabla ya kufa. Alikuwa na nyumba ndogo na shamba huko Shallowford, karibu na Stafford alikozaliwa, na sehemu kubwa ya kodi yake iliachwa kwa faida ya mji huo. Vijana wawili, wana wa maskini waaminifu, wapelekwe kila mwaka kujifunza kazi, kama alivyopelekwa yeye. Msichana mmoja asaidiwe mahari yake. Fedha zinazobaki zinunue makaa ya mawe kwa maskini, na akataja hasa wakati wa kuyagawa: mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, kwa sababu aliona kuwa hizo ndizo siku zinazowabana maskini kuliko zote. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Reli ilipita karibu nayo, na paa lake la makuti ya majani liliwahi kuungua kwa cheche za gari-moshi, ndiyo maana leo lina vigae.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu, Jumapili asubuhi kabla ya chakula, sisi tuliokuwa tukiteremka bondeni tutateremka tena. Atakayekuja alete ufito wake na leseni. Vyura waachwe walipo.