Daktari Williamson wa Mwadui: almasi ya Shinyanga na ndege za usiku

Anayepita Maganzo, kwenye barabara ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, hahitaji kuambiwa Williamson ni nani. Jina hilo liko kwenye kampuni, liko midomoni mwa wazee, na vijana wanaochekecha mchanga pembeni mwa mgodi wamelisikia tangu utotoni. Kinachosemwa mara chache ni kwamba mgodi wake ulizaliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwamba jiwe tunalolijua kama pambo la pete lilikuwa miaka hiyo kifaa cha vita. Katika makala hii tunaeleza maisha ya mtu huyo. Tunaeleza pia kazi ya kila siku ya ndege za Uingereza zilizokuwa zikiipiga Ujerumani kwa mabomu, kwa sababu mambo hayo mawili yako karibu kuliko yanavyoonekana.

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, Kanada. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Ndiyo maana watu wa Mwadui walimwita Daktari, ingawa hakuwa wa kutibu homa. Katikati ya miaka ya 1930 alikuja kusini mwa Afrika kutafuta madini kwa kuajiriwa, kisha akapanda hadi Tanganyika na kufanya kazi Mabuki, kusini mwa Mwanza, ambako almasi chache zilikuwa zikipatikana. Kampuni iliyokuwa pale iliona haipati faida ikajitoa. Wengine walifunga mizigo. Yeye alibaki na kushika leseni.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu. Alizunguka Usukumani na gari bovu na vibarua wachache, fedha hana, malaria inamrudia. Aliishi kwa kukopa. Mtu aliyemshika mkono zaidi alikuwa Iqbal Chand Chopra, mwanasheria wa Mwanza mwenye asili ya India, ambaye baadaye alipata hisa katika kampuni. Tunalisema hili kwa makusudi, maana mara nyingi hadithi ya Mwadui husimuliwa kana kwamba mtu mmoja alitembea peke yake porini. Wapo vibarua Wasukuma waliochimba visima vya majaribio na kuosha changarawe kwenye nchi isiyo na maji, na majina yao hayakuandikwa kwenye kampuni yoyote.

Williamson aliamini jambo moja: vipande vya almasi vilivyotawanyika juu ya ardhi lazima viwe na mama yao, yaani mwamba uliopanda kutoka chini kabisa ya dunia ukizibeba. Tarehe 6 Machi 1940 alimpata mama huyo Mwadui. Simulizi za siku ile ni nyingi. Wapo wanaosema gari lilikwama chini ya mbuyu, wapo wanaosema ni mfanyakazi wake aliyeokota jiwe la kwanza. Mwamba wenyewe hauna ubishi: eneo lake ni hekta 146, na umehesabiwa kuwa miongoni mwa miamba mikubwa zaidi ya almasi iliyowahi kuchimbwa duniani.

Sasa tazama tarehe. Miezi miwili baadaye, Mei 1940, majeshi ya Hitler yaliingia Ubelgiji na kuuteka mji wa Antwerp, kitovu cha biashara ya kukata almasi. Tangu hapo suala la nani ana almasi na nani hana likawa suala la kijeshi.

Kwa nini? Wanaofanya kazi ya utafiti wa madini Geita wanazijua biti za drili zenye vipande vya almasi. Hakuna kitu cha asili kigumu kuliko jiwe hilo. Kiwanda kinachotengeneza injini ya ndege hukata chuma kwa ncha za chuma kigumu sana, na ncha hizo zikiwa butu hunolewa kwa gurudumu lenye unga wa almasi. Mawe ya mashine za kusaga vyuma nayo hunyooshwa kwa ncha ya almasi ili yasipotoke hata kwa unene wa unywele. Waya mwembamba wa redio huvutwa kupitia tundu lililotobolewa ndani ya almasi. Bila hayo kiwanda hakisimami siku ileile, lakini kinapungua kasi na vipuri vyake vinakuwa ovyo. Dhahabu haikuwa na kazi hiyo. Marekani mwaka 1942 iliamuru sehemu kubwa ya migodi yake ya dhahabu isimame ili watu na mashine wakachimbe madini ya vita.

Almasi za Mwadui nyingi zilikuwa safi, za vito. Lakini kila mgodi wa almasi hutoa pia mawe madogo, yenye madoa, yasiyofaa pete, na hayo ndiyo viwanda viliyataka. Mawe hayaandikwi majina. Yalipofika sokoni London yalichanganywa na ya Kongo, yaliyokuwa mengi kuliko yote, na ya Afrika Kusini, kisha yakagawanywa. Mzigo wa Shinyanga uliingia kwenye lundo hilo.

Injini iliyokuwa ikisubiriwa zaidi iliitwa Merlin. Ilikuwa na silinda 12, na zilitengenezwa karibu 150,000. Ndege kubwa ya mabomu iliyoitwa Lancaster, iliyoanza kazi mwaka 1942, ilibeba nne. Tuifuate siku moja ya ndege hiyo.

Asubuhi, kwenye chumba cha chini ya ardhi karibu na mji wa High Wycombe, mkuu wa kikosi Arthur Harris alikutana na wasaidizi wake. Alipokuwa kijana Harris aliwahi kuishi Rhodesia. Mtu wa kwanza aliyesikilizwa alikuwa wa hali ya hewa, kwa sababu ukungu uliua marubani kama bunduki. Harris alichagua mji wa kupigwa usiku huo. Amri ilipita kwa simu hadi kwenye viwanja vingi vya mashariki mwa Uingereza. Kila kiwanja kilibandika orodha ya watakaoruka, na simu za kwenda nje zikafungwa ili siri isivuje.

Mchana ulikuwa wa mafundi. Walipanda juu ya injini kwenye baridi, wakafungua, wakasikiliza, wakafunga. Ndege zilijaribiwa angani kwa muda mfupi. Kisha malori ya mafuta yalikuja, na hapo vijana walianza kukisia. Tangi likijazwa kabisa, karibu lita 9,800, walijua safari ni ya mbali, pengine Berlin. Likijazwa kidogo, walipumua. Mabomu yaliletwa kwenye vitoroli: moja kubwa la kubomoa kuta na mapaa, na mamia ya madogo ya kuwasha moto. Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Lile kubwa lilifungua nyumba ili madogo yaziunguze.

Jioni waliitwa kwenye chumba cha maelekezo. Pazia liliondolewa kwenye ramani, na uzi mwekundu ukaonyesha njia. Kila ndege ilikuwa na watu 7: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikula mayai, anasa katika nchi ambayo chakula kiligawiwa kwa kadi. Walichukua miavuli yao, wakapelekwa kwa gari hadi kwenye ndege zilizotawanywa pembezoni mwa uwanja, wakasubiri giza. Wapo waliotapika hapo, wapo waliokojolea gurudumu la nyuma kwa kuamini ni kinga.

Ndani ya ndege kulikuwa na baridi kali na kelele ya injini nne kwa saa sita, saba, nane. Hawakuruka kama kundi la ndege wanaoonana. Kila mmoja alikwenda peke yake gizani akijua mamia wengine wako karibu, na baadhi waligongana. Mbele yao waliwatangulia wenzao waliodondosha mianga ya rangi kuonyesha pa kupiga. Juu ya mji taa za chini ziliwatafuta, mizinga ikawapiga, na ndege za Ujerumani zikawavizia kutoka nyuma na chini. Mlenga mabomu alilala kifudifudi na kumwelekeza rubani kushoto au kulia. Baada ya kuachia mabomu walipaswa kuruka bila kupinda kwa sekunde kadhaa hadi kamera ipige picha ya walipolenga. Hizo ndizo sekunde walizozichukia kuliko zote.

Alfajiri waliorudi walipewa chai na kuhojiwa na maofisa: waliona nini, ni ndege gani iliyoanguka, wapi. Kisha kulala. Vitu vya wasiorudi vilifungashwa kabla ya jioni, na kitanda kikapewa mgeni. Asubuhi hiyohiyo Harris alikuwa tena chumbani mwake akiulizia hali ya hewa.

Mtu alitakiwa kumaliza safari 30 kabla ya kupumzishwa. Wengi hawakuzifikisha. Kati ya watu 125,000 hivi waliorushwa na kikosi hicho, 55,573 walikufa. Chini ya ndege hali ilikuwa mbaya zaidi. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 ndege 1,000 zilitumwa kwenye mji mmoja, Cologne. Mwishoni mwa Julai 1943 moto uliowashwa Hamburg uliungana ukawa kimbunga, na watu zaidi ya 30,000 wakafa, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Vita vilipoisha, waliouawa kwa mabomu Ujerumani walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Ubishi kuhusu uhalali wa mashambulizi hayo haujaisha hadi leo. Sisi tunaona mambo mawili yasifutane: utawala wa Hitler ulipaswa kushindwa, na waliochomwa kwenye mahandaki ya Hamburg hawakuwa Hitler.

Turudi Shinyanga. Wakati ndege hizo zikiruka, Williamson alikuwa akihangaika na upungufu. Kampuni ya Williamson Diamonds ilianzishwa mwaka 1942, mwaka uleule Lancaster zilipoanza kazi, na mashine mpya zilikuwa hazipatikani kwa sababu viwanda vyote vilikuwa vya vita. Viwanda hivyo vilitaka almasi, lakini havikuwa na mashine ya kumpa anayeichimba! Kwa hiyo kazi kubwa ilifanywa kwa mikono: majembe, karai, vichekecho, na vyombo vilivyoungwa na mafundi palepale. Vijana wengi hawakuwepo. Zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Wengine walichukuliwa kwa lazima kwenda mashamba ya mkonge. Kupata kazi Mwadui, karibu na nyumbani, ng'ombe na shamba la pamba, kulikuwa nafuu kwa Msukuma wa miaka hiyo.

Nafuu hiyo ilikuwa na masharti. Mgodi ulizungushiwa uzio, na wafanyakazi walipekuliwa. Ndani ya uzio palijengwa hospitali, shule, umeme na uwanja wa ndege. Nje palibaki vijiji vyenye kiu. Watu waliomfahamu walimweleza Williamson kama mtu mkimya, mwenye haya, asiyependa wageni na asiyetaka kuoa. Kwa biashara alikuwa mkaidi. Wakubwa wa soko la almasi walioizoea dunia nzima kuwatii walibishana naye kwa miaka juu ya bei na kiasi cha mawe ya kuuza.

Oktoba 1947 mgodi ulitoa jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo. Baada ya kukatwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 liliwekwa katikati ya pambo lenye umbo la ua. Dunia ililijua jiwe hilo. Yale madogo yenye madoa yalikwisha kwa kusagwa, kama yalivyokusudiwa.

Daktari Williamson alifariki Mwadui Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Hakuacha mtoto, na sehemu kubwa ya hisa ikawaendea ndugu zake. Kabla mwaka haujaisha mgodi uliuzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers, nusu kwa serikali ya Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa bado ya Waingereza. Uhuru ulikuja miaka mitatu baadaye, na nchi mpya ikarithi nusu ile.