Maisha ya Thomas Huxley, Mtu Aliyesema Hajui



Mara nyingi walimu wa sharika hutuuliza neno hili: mtu akisema ya kuwa hana dini, wala hasemi Mungu yuko, wala hasemi hayuko, je, tumhesabu kuwa ana imani ya namna yake, au tumhesabu kuwa hana imani yo yote? Wengine hujibu upesi ya kuwa kutoamini nako ni dini kama dini nyingine. Wengine hukataa, wakisema ya kuwa chungu kitupu hakiitwi chakula. Sisi tumeona ni heri, kabla ya kujibu, tusimulie maisha ya Mwingereza mmoja, ambaye ndiye aliyelitunga jina waitwalo watu wa namna hii hata leo. Jina lake ni Thomas Henry Huxley. Hatumleti hapa awe kielelezo cha imani, maana hakuiungama imani yetu. Twamleta kwa sababu alichukia uongo, na maisha ya mtu achukiaye uongo hufundisha hata pale asipopatana nasi.

Huxley alizaliwa tarehe 4 Mei 1825 huko Ealing, karibu na London. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, lakini mali ilikuwa haba, na mtoto hakukaa shuleni zaidi ya miaka miwili hivi. Mengine alijifundisha mwenyewe kwa vitabu, hata akajua Kijerumani pasipo mwalimu. Mwaka wa 1842 akapata nafasi ya kujifunza udaktari bila malipo katika hospitali ya Charing Cross, London. Mwaka wa 1846, akiwa na miaka 21, akaingia katika merikebu ya kifalme iliyoitwa Rattlesnake, awe msaidizi wa daktari. Merikebu ile ilikwenda kupima bahari za Australia na Guinea Mpya, wala haikurudi hata mwaka wa 1850. Muda huo wote Huxley alikuwa akivua viumbe laini vya baharini, kama yavuyavu, akivipasua na kuvichora kabla havijaharibika. Habari alizopeleka Uingereza ziliwastaajabisha wataalamu, na mwaka wa 1851 wakamchagua kuwa mmoja wao katika Royal Society.

Katika mji wa Sydney alikutana na binti aitwaye Henrietta Heathorn, wakaahidiana kuoana. Walingoja miaka minane, kwa kuwa kijana hakuwa na mshahara wa kutosha kuweka nyumba. Mwaka wa 1854 akapata kazi ya kufundisha katika Shule ya Madini ya serikali, London, na mwaka wa 1855 binti akavuka bahari, wakaoana. Mkewe alikuwa mtu wa kanisa. Huxley alikuwa amekwisha kupoteza uhakika wa mambo ya dini tangu ujana wake, wala hakumficha.

Mwaka wa 1859 Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe. Huxley akasimama kumtetea kwa nguvu, na mwezi wa Juni 1860 akabishana na Askofu Samuel Wilberforce mbele ya mkutano mkubwa katika Oxford. Watu wengi wamjua kwa habari hiyo tu. Lakini jambo zito zaidi kwa swali letu lilimpata nyumbani mwake, miezi mitatu baadaye.

Mtoto wake wa kwanza, jina lake Noel, alizaliwa siku ya mwisho ya mwaka 1856. Usiku ule, baba alipokuwa akingoja azaliwe, alikaa chumbani mwake akaandika katika kitabu chake cha kumbukumbu mambo aliyokusudia kuyafanya maishani. Mwezi wa Septemba 1860, mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, akashikwa na homa kali yenye vipele vyekundu, na kwa muda wa siku mbili tu akafa. Baba akamchukua mikononi, akamleta katika chumba kile kile, akamlaza mahali alipozoea kuandika. Kisha akafungua ukurasa ule wa usiku wa kuzaliwa kwake, akaandika chini yake habari ya kufa kwake. Akayakubali yaliyompata pasipo uchungu, na mwisho wa maneno yake akatia neno lile lile ambalo sisi twamalizia maombi yetu.

Siku ya maziko, kasisi alisoma sura ya 15 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, kama ilivyo desturi ya kanisa la Uingereza. Alipofika mahali mtume anapoonyesha jinsi watu wangejitia katika anasa kama wafu hawafufuki, Huxley akachomwa moyo. Akaona ametukanwa kaburini pa mwanawe, kana kwamba mtu asiye na hakika ya ufufuo hana budi kuishi kama mnyama. Sisi twajua ya kuwa mtume hakukusudia hivyo. Anawaandikia watu wa kanisa waliotaka kushika jina la Kristo na kuutupa ufufuo wake. Lakini hatusikii ya kuwa mtu alikuja kumweleza baba yule maana ya maneno yale. Alirudi nyumbani na jeraha mbili badala ya moja.

Alikuwako mchungaji mmoja, naye ni mwandishi wa vitabu, jina lake Charles Kingsley. Huyu alimwandikia barua ya kumfariji, wala hakumgombeza. Huxley akamjibu kwa barua ndefu, ambayo watu wameisoma tangu ilipochapwa baada ya kufa kwake. Alieleza ya kuwa hakani uzima wa milele wala hausadiki, kwa kuwa haoni ushahidi wa upande huu wala wa upande ule. Na ya kuwa hawezi kukubali neno kwa sababu tu lingemtuliza moyo. Tena alikiri ya kuwa maisha ya ujana wake yalikuwa na uchafu, na ya kuwa mambo yaliyomwokoa katika upotevu ni kutambua kwamba moyo wa ibada waweza kukaa hata pasipo mafundisho ya kanisa, na elimu, na upendo. Mwezi wa Desemba mwaka ule akazaliwa mtoto mwingine wa kiume, Leonard, na Huxley akakubali abatizwe, kama mkewe alivyotaka.

Mwaka wa 1869 wakuu wa elimu na wa dini walifanya chama katika London ili wajadiliane juu ya Mungu, roho ya mtu, na misingi ya maarifa. Humo walikuwamo Askofu Mkuu Manning wa Kanisa Katoliki, na Waanglikana, na watu wasio na kanisa. Kila mmoja alikuwa na jina la kujulisha msimamo wake. Huxley peke yake hakuwa nalo, akajiona kama mbweha wa hadithi aliyekatika mkia kati ya wenzake wenye mikia. Hakutaka kuitwa mkana Mungu, maana mkana Mungu adai kujua ya kuwa Mungu hayuko, naye Huxley aliona ya kuwa dai hilo halina ushahidi. Basi akatunga jina kwa Kiyunani, agnostiki, maana yake asiyejua. Alilitunga ili liwe kinyume cha watu wa zamani za kanisa waliojisifu kuwa na ujuzi wa siri. Shina la neno hilo ni lile lile la neno lililoandikwa juu ya madhabahu ya Athene, tusomayo habari zake katika Matendo ya Mitume, sura ya 17.

Jina likaenea, na ubishi ukafuata. Mwaka wa 1888 Dkt. Henry Wace, mkuu wa King's College ya London, alisema mbele ya mkutano wa kanisa ya kuwa jina hili jipya ni pazia tu, na ya kuwa jina halisi la watu hao ni wasioamini. Huxley akamjibu mwaka wa 1889. Alisema ya kuwa uagnostiki si ungamo la imani, bali ni namna ya kwenda: kuifuata akili mpaka mahali iwezapo kumfikisha mtu, na kutodai hakika pasipo uthibitisho.

Hapa twarudi katika swali letu, nasi twataka kulijibu kwa haki. Kwanza, twamkubalia Huxley neno hili: asemaye hajui hakuungama kanuni yo yote. Si haki kumwandikia mtu ungamo ambalo kinywa chake hakikulitoa, kama vile sisi tusivyopenda kuandikiwa na wengine mambo tusiyoyasadiki. Walakini mkana Mungu ni mwingine. Yeye amesema neno juu ya ulimwengu wote, ya kuwa hauna Mwumba, na neno hilo ni ungamo. Lazima alilete mbele ya hukumu na kulitetea, kama sisi tuteteavyo la kwetu. Tusiwachanganye hao wawili.

Lakini liko swali la pili, na hili halijibiwi kwa kinywa. Dkt. Luther, alipoieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa, alifundisha ya kuwa kitu ambacho moyo wa mtu hukitegemea na kukikimbilia wakati wa shida, hicho ndicho mungu wake. Tukiuliza hivi, hakuna mtu aliye chungu kitupu. Tumtazame Huxley mwenyewe. Aliamini ya kuwa kweli yapasa kufuatwa hata ikimwumiza mtu: ni kipimo gani cha maabara kilichomfundisha neno hilo? Mwaka wa 1887 aliandika kwa mkono wake ya kuwa mtu ajaye katika elimu ya viumbe analo tendo moja la imani, nalo ni kukiri ya kuwa utaratibu umeenea pote na ya kuwa kila tukio lina chanzo chake. Hakuona haya kuliita imani. Na mwaka wa 1893, katika hotuba yake ya Oxford, alifundisha ya kuwa wema wa wanadamu haupatikani kwa kuiga mashindano ya viumbe, wenye nguvu wakiwatupa wanyonge, bali kwa kupigana nayo. Twauliza basi: mtu aliyesimama ndani ya ulimwengu akauhukumu, aliusimamisha mguu wake wapi?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kutojua si dini, wala si kanuni ya imani. Lakini hakuna mtu awezaye kuishi kwa kutojua peke yake. Chini ya kutojua kwake liko jambo analolitegemea, na hilo ndilo njia yake ya kuutazama ulimwengu, hata asipolipa jina. Mwalimu mwenye hekima hatashindana na mtu juu ya jina. Atamwuliza kwa upole ni nini kinachomshika siku ya msiba.

Nasi tujihadhari, ndugu, maana kipimo hiki chapima pande zote. Ikiwa imani ya mtu hutambulikana kwa tegemeo la moyo wake, basi wako wanaoikariri Kanuni ya Mitume kila Jumapili, na mtoto akiugua usiku hukimbilia hirizi. Wako wengine ambao tegemeo lao ni fedha. Hao nao wana imani nyingine kuliko ile waitamkayo. Huxley alikataa kutamka neno ambalo moyo wake haukulisadiki. Hatusemi ya kuwa kukataa huko kwatosha kumwokoa mtu. Kuokoa ni kazi ya Bwana Yesu tu. Twasema ya kuwa sisi tuliopewa neno tutahukumiwa kwa neno hilo, tusipolitegemea.

Huxley hakuwa adui wa Biblia. Mwaka wa 1870 alichaguliwa kuwa katika baraza la kwanza la shule za London, na humo alitetea watoto wasomewe Biblia, ingawa hakutaka wafundishwe mafundisho ya madhehebu. Alikufa tarehe 29 Juni 1895 huko Eastbourne, akazikwa Finchley, kando ya Noel, mtoto wake. Juu ya jiwe waliandika mistari ya shairi alilolitunga mkewe, nayo yamtaja Mungu.

Hukumu yake hatuijui, wala si yetu. Tulilo nalo ni kazi iliyo mbele yetu. Mtu wa namna hii akija kwetu na jeneza la mtoto, tusimpige kwa Maandiko. Tumkaribie kama Kingsley, tumwandikie, tuketi naye, tumweleze maana ya neno lililosomwa. Paulo naye alipofika Athene hakuivunja madhabahu ile. Alianzia hapo pasipojulikana, akamtangaza Mungu aliyejulisha nafsi yake katika Mwana wake.