Archimedes: Mgiriki aliyetuachia 22/7

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI yeyote aliyewahi kutafuta mzingo wa duara darasani anaifahamu 22/7. Huikariri, huizidisha kwa kipenyo, kisha huendelea na swali linalofuata. Ni wachache wanaoambiwa kwamba namba hiyo ilithibitishwa na Mgiriki mmoja zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na kwamba yeye mwenyewe hakudai kuwa ndiyo thamani kamili ya pai.

Mtu huyo ni Archimedes. Anakadiriwa kuzaliwa mwaka 287 Kabla ya Kristo (K.K.) katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Inaaminika kuwa Archimedes alisoma Alexandria, nchini Misri, na baada ya kurejea kwao aliendelea kuwaandikia wanazuoni wa huko, akiwamo Eratosthenes.

Kabla yake, watu wa Babeli na Misri walikwisha kutambua kwamba mzingo wa duara lolote, liwe dogo kama pete au kubwa kama mdomo wa kisima, ni zaidi kidogo ya mara tatu ya kipenyo chake. Swali lilikuwa ni zaidi kwa kiasi gani. Kamba haikuweza kulijibu, kwa kuwa kamba hutanuka na mkono hukosea.

Archimedes aliiweka kamba kando, akatumia hoja. Alichukua umbo lenye pande sita sawa ndani ya duara na jingine nje yake, akijua kuwa mzingo wa duara lazima uwe kati ya mizingo ya maumbo hayo mawili. Kisha akazidisha pande hizo maradufu: 12, 24, 48, hadi 96. Kila hatua ilidai kutafuta vipeuo vya pili, naye hakuwa na desimali. Wagiriki waliandika namba kwa herufi.

Mwishoni alithibitisha kuwa uwiano wa mzingo na kipenyo unazidi 3 na 10/71, lakini haufikii 3 na 1/7, yaani 22/7. Kwa hiyo 22/7 ni mpaka wa juu tu. Gurudumu la baiskeli lenye kipenyo cha sentimita 70 hupewa mzingo wa sentimita 220, kiasi kinachozidi ukweli kwa chini ya milimita moja.

Mwaka 212 K.K., baada ya mitambo yake ya vita kuwazuia Warumi kwa muda mrefu, Syracuse ilianguka. Jemadari Marcellus alitaka mzee huyo asiguswe, lakini askari mmoja alimuua. Masimulizi ya kale yanaeleza kuwa alikuwa amezama katika michoro yake.

Mwaka 75 K.K., Cicero alilikuta kaburi lake limefunikwa na miiba, akalitambua kwa alama ya tufe na silinda.

Mwaka 1761, Johann Lambert alithibitisha kuwa hakuna sehemu yoyote ya namba nzima inayoweza kulingana na pai. Archimedes hakuwa na uthibitisho huo. Hata hivyo, hakuitaja namba moja na kuiita jibu; alitaja mbili, akaonyesha kuwa ukweli umo kati yake.