Léon Harmel: Mwajiri Aliyehesabu Walioko Nyumbani

Tunapotafakari haki ya mfanyakazi, tunamkumbuka mlei Mfaransa, Léon Harmel, aliyezaliwa mwaka 1829 katika eneo la Ardennes. Mwaka 1854 alipokea kutoka kwa baba yake uongozi wa kiwanda cha kusokota sufu cha Val-des-Bois, karibu na mji wa Reims.

Zama hizo waajiri wengi waliuona mshahara kuwa bei ya sokoni: wanaotafuta kazi wakizidi, mshahara hushuka. Baba wa watoto wengi alilipwa sawa na asiye na mtoto, hata chakula kisipotosha nyumbani kwake. Harmel, aliyekuwa wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, hakuridhika na hesabu hiyo. Pale Val-des-Bois palikuwa na shule, mfuko wa akiba na chama cha kusaidiana wakati wa ugonjwa.

Mwaka 1891 ulianzishwa mfuko wa familia. Kipato cha nyumba kiligawanywa kwa idadi ya watu wake. Fungu la kila mmoja lilipopungua chini ya kiwango kilichowekwa, familia iliongezewa. Mfuko huo ulisimamiwa na kamati ya wafanyakazi wenyewe, hivyo mzazi hakulazimika kumpigia magoti tajiri wake.

Wafanyakazi walimwita Baba Mwema. Lakini wema wa bwana, usipoambatana na sauti ya anayetendewa wema, huweza kuwageuza watu wazima kuwa watoto. Harmel aliitambua hatari hiyo. Ndiyo maana liliundwa baraza la kiwanda, ambamo wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi walijadiliana na uongozi juu ya mishahara, ajali, mafunzo na nidhamu.

Mwaka 1889 aliongoza hija ya wafanyakazi wapatao 10,000 kwenda Roma kwa Baba Mtakatifu Leo XIII. Miaka miwili baadaye Papa huyo alitoa Waraka wa Rerum Novarum, akifundisha kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Sharti umtoshe mfanyakazi mwadilifu kuishi. Harmel alifariki dunia mjini Nice mwaka 1915. Mwaka 1932 sheria ya Ufaransa iliwabana waajiri kuchangia posho za familia: jambo lililoanza kwa hiari ya wachache likawa haki ya wengi.

Nasi tujihoji. Tunaoajiri wasaidizi wa nyumbani, vibarua wa shambani au wahudumu dukani, je, tunawalipa kwa wakati? Wakiugua, tunawatibu au tunawafukuza? Tumewahi kuwauliza kama wanachopata kinawatosha? Zawadi ya Noeli ni njema, lakini haifuti deni la mshahara uliopunjwa. Kwanza tutimize haki, ndipo sadaka yetu itakapokuwa sadaka kweli.