Taiichi Ohno: Mhandisi aliyepiga vita marundo kiwandani

MKULIMA wa majani chai huko Chepseon, Kaunti ya Kericho, hahitaji kufunzwa hasara ya kungoja. Majani aliyochuma asubuhi yakikaa kwenye kituo cha kununulia hadi usiku lori halijafika, hupata joto, huwa mekundu na ubora hupotea.

Hasara ya namna hiyo ndiyo iliyomshughulisha maishani Taiichi Ohno, mhandisi wa Kijapani ambaye mpangilio wake wa kazi umeigwa na viwanda kote duniani.

Ohno alizaliwa mwaka wa 1912 mjini Dalian, Uchina, uliokuwa chini ya Japani. Mwaka wa 1932 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo cha familia ya Toyoda, na mwaka wa 1943 akahamia kampuni ya magari ya Toyota.

Alikuta mashine za aina moja zimewekwa pamoja, kila fundi na yake. Kila mmoja alichonga vipuri kadiri alivyoweza, navyo vikarundikana vikisubiri hatua iliyofuata.

Kuanzia mwaka wa 1947, Ohno alizipanga mashine kwa kufuata safari ya kipuri, mtu mmoja akihudumia kadhaa. Kikundi cha mashine cha namna hiyo wataalamu hukiita seli. Mafundi waliojivunia ustadi wa mashine moja walimpinga vikali.

Mwaka wa 1950 Toyota ilinusurika kufilisika, ikielemewa na madeni na magari yaliyokosa wanunuzi. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza kazi, na rais wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Kwa Ohno, funzo lilikuwa wazi: kutengeneza kisichohitajika ni hatari.

Aliiga duka la kujihudumia, ambako rafu hujazwa kulingana na kilichochukuliwa. Ratiba ilipewa hatua ya mwisho pekee. Nyingine ziliagizwa kwa kadi, yaani kanban, na kila moja ikatengeneza kile tu kilichochukuliwa na iliyoifuata.

Ohno alifariki Mei 28, 1990.

Chai haiagizwi kwa kadi, kwani mvua ndiyo huamua wingi wa majani. Lakini uchumaji, safari ya lori na nafasi ya kunyaushia kiwandani vyaweza kupangwa kwa kuanzia mwisho. Vinginevyo, anayelipia rundo linalongoja ni mkulima.