Nabongo Mumia na Thamani ya Kumtia Mtu Moyo

 

Kumtia moyo mwenzio ni katika mambo ambayo watu huyadhania madogo, na kumbe ni makubwa mbele ya Mwenyezi Mungu na katika maisha ya umma. Mtume wetu (s.a.w.), alipowapeleka Muadh bin Jabal na Abu Musa Al-Ash'ari nchi ya Yaman, aliwausia wawarahisishie watu mambo, wala wasiwatilie uzito, wawape bishara njema, wala wasiwakimbize. Leo twapenda kueleza maisha ya mtu wa bara, ambaye jina lake lilijulikana sana na mababu zetu wa misafara, ili tuone jambo hili lilifanya kazi gani mbali na bahari.

Mtu huyo ni Nabongo Mumia bin Shiundu, mfalme wa Wawanga. Alizaliwa karibu na mwaka 1849, akashika ufalme wa baba yake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Makao yake yalikuwa katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kakamega, na mji uliokua hapo ukaitwa kwa jina lake, Mumias. Ekero, tunapoandikia maneno haya, ni jirani ya mji huo.

Zama hizo misafara ya watu wa pwani ilipanda bara kutafuta pembe, na njia moja ilipita kwa Mumia kuelekea Buganda. Msafara uliofika hapo ulikuwa umekwisha kuvuka nchi ya Wamasai. Wapagazi wamechoka, chakula kimewaishia, na wagonjwa ni wengi. Kwa Mumia walipata nafaka ya kununua, mahali pa kupumzika na amani ya kujitengeneza kwa safari ya mbele. Wazungu nao walipita hapo: Joseph Thomson mwaka 1883, na Askofu James Hannington mwaka 1885, kabla ya kuuawa Busoga.

Katika watu wa pwani walikuwamo waliokaa. Walijenga, wakaoa, wakasali mbele ya macho ya wenyeji. Mumia hakuwaonea haya wala hakuwadhihaki kwa ibada yao ngeni. Mwisho alisilimu, na wengi katika jamaa zake wakasilimu. Hapa ndipo penye mazingatio. Mtu mnyonge atakaye kubadili dini huogopa kutengwa na ukoo wake. Lakini amwonapo mkubwa wa nchi amesimama katika safu, hofu humpungua na moyo humkaa. Mumia hakuwa mwanachuoni, wala hakuandika kitabu. Alichotoa ni makaribisho na kivuli cha heshima yake, na hicho kikawatosha wengi kuanza.

Lakini haki yataka tueleze na upande wa pili. Mumia alifanya urafiki na serikali ya Kiingereza, na mwaka 1895 askari wa Kiwanga walikuwa pamoja na Waingereza katika vita juu ya Wabukusu. Mwaka 1909 akafanywa chifu mkuu, na jamaa zake wakawekwa juu ya watu wasiokuwa wao: Mulama akatawala Marama, na Murunga akatawala Kimilili. Watu hao hawakuridhika, wakanung'unika na kudai machifu wa damu yao.

Dunia nayo ikageuka. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na njia ya misafara ikapoteza kazi. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishwa Kakamega. Mwaka 1926 Mumia akastaafu, na tarehe 24 Aprili 1949 akafariki, umri wake ukikaribia miaka mia.

Sasa tupime. Ukubwa uliosimama kwa bunduki za wengine umekwisha, na katika makabila yaliyolazimishwa umeacha uchungu. Ama yale makaribisho aliyowapa wageni wachovu, na ule moyo aliowatia waliotaka kusilimu, matunda yake yangalipo: Mumias ni katika vituo vya kale vya Uislamu magharibi ya Kenya, na adhana yasikika huko hata leo. Lililofanywa kwa nguvu liliondoka pamoja na nguvu. Lililofanywa kwa kutia moyo limerithiwa na wajukuu.

Basi na sisi tujiulize. Ajapo msikitini kwetu Muislamu wa bara, ambaye ulimi wake bado haujazoea herufi za Kiarabu, je, twampokeaje? Wako miongoni mwetu wanaomcheka, na wako wanaomkosoa mbele ya watu mpaka akaona bora asali peke yake. Huyo ni mjukuu wa wale waliowapa babu zetu chakula na maji. Kumfundisha ni wajibu, lakini afundishwe faraghani, kwa upole, na asifiwe kwa kile alichokwisha kukipata. Neno moja jema halimpunguzii msemaji kitu, na huenda likawa sababu ya nyumba nzima kuthubutu katika dini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kubashiria kheri, wala asitujaalie kuwa wenye kukimbiza watu. Amin. Wabillahi tawfiq.